Moto Uliotumwa Ndereko

Kitendawili!

Itikieni basi. Na wewe unayesoma peke yako, itikia pia, hakuna atakayekucheka.

Tega!

Nina mgeni nyumbani kwangu. Nikimpa chakula kidogo, analia. Nikimpa kingi, njaa ndiyo inazidi. Nikimnyima kabisa, anakufa. Na siku akifa, wote waliokuja naye wanafunga mizigo.

Moto, mnasema. Haya, nusu mmepata. Lakini hao waliokuja naye ni akina nani, na wakishafunga mizigo wanakwenda wapi? Mmenyamaza. Nipeni mji, basi. Hapana, subirini, msinipe bado. Hadithi hii ina mtu aliyedaiwa mji naye hakuwa na mji wa kutoa, na afadhali mumsikie yeye kwanza.

Ilikuwa enzi zile ambapo jembe la chuma lilitosha kufungua mazungumzo ya posa, na pembe ya ndovu ilitoka bara hadi pwani juu ya bega la mtu. Katika enzi hizo nchi ya Usongwa ilikuwa kubwa kuliko nchi zote zilizoizunguka. Ukipanda kichuguu katikati yake ukatazama huku na huku, kila moshi uliouona ulikuwa wa mtu anayemtii mtemi wake. Rugaruga wake, askari wake wa vita, walivaa manyoya ya mbuni kichwani na njuga za shaba miguuni. Mikuki yao ilikuwa mipana kama ulimi wa ng'ombe, na wengine walikwisha kupata magobore yaliyoletwa na misafara ya pwani. Hata hivyo, fahari ya Usongwa haikuwa mikuki wala magobore. Fahari yake ilikuwa moto.

Ndani ya ikulu palikuwa na jiko la mawe matatu, na moto wake haukuwahi kuzimika tangu mtemi wa kwanza. Popote moto huo ulipopelekwa na kukolezwa, ardhi ile ilikuwa ya Usongwa, na aliyeugusa aliigusa Usongwa nzima. Tena ulikuwa na sheria zake. Ulibebwa kwa miguu, ndani ya chungu, kutoka ikulu mpaka ulikotumwa. Moto wa kupekecha kwa kijiti haukuhesabiwa kuwa moto, ulikuwa joto tu. Ukishatua haurudi nyuma. Utakaa hapo mpaka nchi itulie chini yake, au mpaka ufe. Ukifa, mtemi hana tena chake mahali pale, na watu wake wote waondoke kabla jua halijatua, asibaki hata mmoja ila yule aliyekuwa akiulinda.

Yule haondoki. Wala hauawi, kwa kuwa damu ya mlinzi juu ya majivu ni laana. Anaachwa tu. Hasemezwi na mtu, jina lake halitajwi tena Usongwa, na kwao mkewe hunyolewa nywele kama mjane.

Shigela alizijua sheria hizi kabla hajaota meno ya pili, maana baba yake na babu yake walikuwa walinzi wa moto. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye macho mekundu kwa moshi hata wageni wakadhani ametoka kulia. Mkewe, Holo, hakuacha kumtania. "Wenzangu wameolewa na wanaume," alikuwa akiwaambia mashoga zake, "mimi nimeolewa na nyama ya kubanika." Na Shigela alikuwa akicheka, akimsogezea puani vazi lake la magome ya mti anuse zaidi.

Siku moja wakaja wajumbe kutoka Imbeja, nchi ndogo iliyokuwa mwendo wa mwezi mzima upande wa machweo. Mtemi wao, Kabweru, alikuwa na kilio. Watu wake wa milima ya Ndereko walikataa kumpa chumvi na pembe, wakapanda juu kwenye mawe, na kila waliposhuka walichoma ghala lake kisha wakapotea.

"Hawapigani kama watu," mjumbe alilalamika. "Wanauma. Ukijikuna, hawapo."

Wanangwa, wale wakuu wa vijiji waliomshauri mtemi wa Usongwa, wakakuna vichwa. Hakuna aliyetaka kupeleka jeshi mbali hivyo kwa ugomvi wa nyumba ya mtu mwingine. Lakini Imbeja ilikuwa imeikalia njia ya chumvi, na chumvi kila mtu aliitaka. Ndipo mzee mmoja aitwaye Igulu, mwenye tumbo na kicheko kikubwa, aliposema:

"Tupeleke moto. Moto tu! Hao wa milimani wakiona moshi wa Usongwa pale Imbeja, watateremka wenyewe kwa magoti. Hatupeleki vita, wenzangu. Tunapeleka jiko."

Wakacheka, wakakubali, wakaenda kunywa pombe ya ulezi. Hilo ndilo kosa lililofanyika, na ni Wasongwa peke yao ambao wangeweza kulifanya. Walikuwa wameuzoea moto wao kama mtu anavyomzoea mbwa wa nyumbani, wakasahau kwamba popote uendapo lazima ule.

Holo alimfungia mumewe unga na nyama kavu.

"Utarudi lini?"

"Mtama ukivunwa."

"Mtama upi?"

Shigela akadhani ni mzaha wake wa kawaida, akacheka, akajitwika chungu.

Kilikuwa chungu chenye matundu, ndani yake makaa yamelazwa juu ya samadi kavu ya ng'ombe na uyoga mgumu wa magogo, ule unaoungua polepole bila kuwaka. Walinzi kumi tu wa silaha walimsindikiza. Mvua ziliponyesha alikilalia kama kuku anavyolalia mayai. Nao wale kumi walikula kando, kwa kuwa mlinzi wa moto hali na watu, hashikwi mkono, wala hasemezwi na aliye upande wa pili wa moto, na upande wake hakai Msongwa mwingine. Mwenye shida naye huuambia moto, na yeye husikia. Nyumbani sheria hiyo haikumuuma, maana jioni alirudi kwa Holo. Njiani ndipo alipoanza kujua uzito wake.

Kabweru aliwapokea kwa ngoma, yeye mwenyewe amevaa joho jekundu la pwani lililomfika visiginoni. Moto ukatuliwa chini ya milima ya Ndereko, moshi ukapanda, watu wakatazama juu wakingoja.

Hakuna aliyeteremka kwa magoti. Hakuna aliyeteremka kabisa.

Moto ulihitaji kuni. Waliokwenda kukata kuni wakapigwa mishale na watu wasiowaona. Basi ikulu ikaleta askari wa kuwalinda wakata kuni. Askari wale walihitaji kula, na wapagazi waliowaletea chakula wakatupiwa mizinga ya nyuki kutoka juu ya magenge, wakaacha mizigo wakakimbia na nyuso zimevimba. Wakaletwa wengine wa kulinda njia. Hao nao walihitaji boma la magogo, na magogo yalikatwa mbali zaidi kila mara, na kule mbali nako kukahitaji mlinzi. Kila aliyekuja alikuja kumlinda aliyemtangulia. Makamanda walibadilika, na kila aliyefika alimcheka aliyeondoka, akaapa kwamba yeye atamaliza kazi kabla kiatu chake hakijachakaa. Naye Kabweru akaacha kutuma watu wake vitani. Alikaa kivulini akinywa, akiuliza Usongwa italeta lini wengine.

Mtama ukavunwa. Ukapandwa, ukavunwa tena. Shigela alikaa kwenye kibanda kisicho na ukuta katikati ya boma, akigeuza makaa. Mchana watu walimzunguka mamia kwa mamia, wakicheka, wakigombania nyama, wakiimba nyimbo za kwao alizozijua zote, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia "habari za asubuhi." Akawa anauamkia moto. Siku nyingine aliamka akaona hakumbuki sauti yake ilivyo, akakohoa ili aisikie.

Hapo ndipo Bibi Kagoli alipoingia.

Alikuwa ajuza wa tambarare ya Imbeja, mkavu kama ukuni aliobeba, kaniki imemkaa begani, masikio yametobolewa kwa vijiti. Kabweru alikuwa ameamuru kila kaya ilete mzigo wa kuni kwa ajili ya moto wa wageni. Ajuza akautupa mzigo wake chini, akaketi ng'ambo ya moto, akanyoosha viganja.

"Pisha miguu hiyo, mwanangu, na mimi niote."

Shigela akashtuka mpaka akadondosha kijiti. "Mama, mlinzi hasemezwi kuvuka moto."

"Amekataza nani?"

"Mtemi wa Usongwa."

"Yuko wapi?"

"Mwendo wa mwezi mzima."

"Basi hatatusikia." Lakini akanyanyuka, akazunguka, akaketi kando yake bega kwa bega. "Haya. Sasa sivuki kitu. Unaitwa nani?"

Akamwambia. Aliposikia jina lake linarudi kutoka kinywani mwa mtu mwingine, ilibidi ainame ajifanye anapuliza makaa.

Tangu siku hiyo alimngoja. Askari waliwaona, lakini hakuna sheria iliyomtaja ajuza wa Imbeja anayekaa upande uleule wa moto, basi wakawaacha. Nao wakawa wanategana vitendawili.

"Mzee wangu anavuta kiko mchana kutwa, meno hana," alitega Kagoli.

"Paa la nyumba ya mpishi. Haya, changu: natembea naye barabarani, nikiingia ndani ananikimbia."

"Kivuli. Hicho hata mbuzi wanakijua! Huko kwenu hamna watoto wa kuwafundisha vitendawili?"

"Ninaye binti mmoja. Minza."

"Ana umri gani?"

Shigela akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Alikuwa na umri aliomwacha nao. Ule wa sasa hakuujua. Ajuza akaona, akasema haraka, "Umeshindwa, nipe mji."

"Chukua Imbeja."

"Imbeja si yako."

"Ni ya moto huu, mama."

"Moto huu umefika juzi! Mimi hapa nimezaa, nimezika mume, na nimelima mpaka mgongo umepinda. Nipe mji mwingine."

"Chukua Usongwa yote."

"Nikafanye nini huko? Wote mmekuja huku."

Wakacheka wote wawili, na askari waliokuwa wakinoa mikuki wakageuka kutazama, maana hawakuwahi kumsikia mlinzi akicheka.

Kagoli hakuficha kitu. Wanawe wawili walikuwa juu, Ndereko, pamoja na wake zao na watoto. "Mashimo ya chumvi yalikuwa yetu," alisema. "Kabweru akayatoa kwa watu wa pwani. Lile joho jekundu unaloliona, hilo ndilo shamba langu na la majirani zangu, analivaa akienda kunywa. Wanangu walipouliza, wakapigwa. Wakapanda. Wewe ukikohoa usiku, baba, wanakusikia. Waliniambia, 'Yule mtu wenu wa moto ana kifua kibaya, mpe asali.'" Na kweli, alikuwa amemletea asali kwenye kibuyu.

Siku moja akakaa muda mrefu akitazama makaa, kisha akasema, "Nina swali. Hili si la kutegana. Moto huu ukizimika, wenzako watakwenda wapi?"

Shigela akatazama chini. Jibu alilijua. Lakini mlinzi hatamki kifo cha moto wake. Baba yake alimfundisha hivyo, na kinywa chake hakikuwahi kuvuka mpaka huo. Tena alijua kwamba jibu lile lingekuwa la wenzake tu. Yeye lisingemhusu.

"Umeshindwa?"

Shigela akageuza kaa moja.

"Basi nipe mji."

"Sina mji, mama."

"Utakuwa deni," akasema ajuza, akajifunga kaniki yake akaondoka.

Kiangazi kilipokaza likaja kundi jipya kutoka Usongwa, na safari hii wengi wao walikuwa na mvi. Miongoni mwao alikuwemo Lugola, mchonga mizinga ya nyuki, jirani yake Shigela wa ukuta kwa ukuta. Lugola hakuwahi kushika mkuki ila wa kuulia nguruwe pori. Alikuja mpaka kwenye kibanda, akasimama kama sheria ilivyotaka, akautazama moto wala si mtu.

"Ee moto," akasema. "Ee moto, umekonda, ndugu yangu. Umekuwa kama fimbo ya kuchungia."

Shigela akauma midomo.

"Moto, nisikilize. Holo mzima. Paa lilivuja, na mafundi wote wamehamia huku kwako, basi alipanda akaezeka mwenyewe. Lina nundu kama fahali, lakini halivuji. Minza ameolewa. Mwanamume ni mpole, ana mguu mmoja mfupi, ndiyo maana hawakumchukua vitani. Kwenye pombe ya harusi Holo alikimwagia kigoda chako kata nzima, akasema unywe." Akasogea hatua moja. "Amenituma neno moja. Ameniambia nikuulize: mtama upi?"

Hapo Shigela akainama, na Lugola, aliyekatazwa kumtazama, akageuka kuzitazama nyota ambazo zilikuwa bado hazijatoka.

Kamanda wa wakati huo aliitwa Ntobi, mwanamume mwenye sauti nyembamba na akili ya haraka. Aliwakusanya viongozi wa vikosi karibu na moto, kwa kuwa mpango wake ulianzia hapo.

"Tumewafuata kwenye mawe mpaka tumechoka," alisema. "Sasa hatuwafuati. Nyasi zimekauka na upepo wa asubuhi unapanda mlima. Keshokutwa alfajiri kila mtu achukue mwenge kutoka kwenye moto wa mtemi, tuwashe milima kutoka chini pande tatu. Upande wa nne, kwenye lile bonde jembamba, tutawaweka wageni waliofika juzi. Atakayekimbia moto atakutana nao."

Mzee mmoja wa kikosi akauliza, "Bonde lile lililowala watu wa kamanda aliyepita?"

"Lilelile."

"Hawa waliofika juzi ni wazee, mkuu. Hawajui hata kupanga ngao."

"Wapya wanakuja. Nimekwisha kuagiza ikulu wengine."

Shigela alikuwa pale, akigeuza makaa. Hakuna aliyemtazama.

Amri ikapita Imbeja yote kwamba kuni ziongezwe. Kagoli akaja na mzigo mkubwa kuliko mwili wake. Safari hii hakuketi. Aliutua mbali, karibu na lango, akasimama.

"Kuni hizi nimezikata mwenyewe," alisema, bila kupaza sauti. "Nilipoinama kuzifunga ndipo nilipojua za nini. Nina wajukuu kule juu, Shigela. Mdogo wao hajapewa jina."

Shigela akanyanyuka. Alikuwa hajawahi kuuacha moto zaidi ya urefu wa mkono wake. Akatazama makaa, akamtazama ajuza, akabaki penye jiko.

"Kaa," Kagoli akamwambia. "Lisha mgeni wako." Akaenda zake.

Sasa kulikuwa na desturi katika boma lile. Majiko yote ya askari yaliwashwa asubuhi kwa makaa kutoka kwa Shigela, na jioni, baada ya kula, yote yalizimwa kwa mchanga, kwa sababu mwanga ulivuta mishale. Kwa hiyo kuanzia jua kuzama hadi kucha, katika nchi yote ya Imbeja, moto wa Usongwa ulikaa mahali pamoja tu.

Usiku wa kuamkia alfajiri ile Shigela alikesha ameketi. Vipande vya mpingo, ule mti ambao kaa lake hukaa hata ukilisahau, vilikuwa karibu na goti lake. Alimfikiria Holo juu ya paa, sketi yake ya ngozi imefungwa mapajani, akiwatukana mafundi wasiokuwepo. Alijua wembe utakavyopita kichwani pake. Alijua pia kwamba atakaponyolewa hatalia mbele za watu. Angelia jikoni, na angesema ni moshi. Halafu akamfikiria Lugola katika bonde jembamba na ngao aliyoishika kama kifuniko cha mzinga.

Anga ilipoanza kupauka akachukua kijiti chake. Hakumwaga maji, kumwagia moto ule maji hakungewezekana kwa mkono wake, kama ambavyo mtu hawezi kumpiga baba yake. Alifanya kitu kidogo tu. Alilichukua kaa moja akaliweka mbali kwenye udongo mtupu. Akachukua la pili, akaliweka pengine. La tatu. Yeye ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote jinsi makaa yanavyoishi, kwamba yanapashana joto, kila moja linakula pumzi ya mwenzake. Akayatenganisha yote, moja moja, mpaka sakafu ya kibanda ikawa kama anga la chini. Kisha akakaa akayatazama. Yalijifunika majivu meupe kimyakimya, hili, halafu lile. La mwisho lilichelewa. Akaliwekea kiganja juu, si kulizima, ila lisife peke yake.

Jogoo wa Imbeja wakawika. Askari wakaja na mienge ya nyasi iliyopakwa nta, wakapanga mstari, na Lugola na wazee wenzake wakiwa mbele.

"Koleza," akaamuru Ntobi, akisahau kuuambia moto.

Shigela hakunyanyuka. "Hakuna cha kukoleza, mkuu."

Ntobi akaingia kibandani, akapiga magoti, akatumbukiza mikono jikoni mpaka viwiko. Ikatoka myeupe kwa majivu. Akashika kaa hapa, akashika kaa pale, kama mtu anayewatafuta ndugu zake uwanjani baada ya vita. Yote yalikuwa baridi.

"Pekecheni!" akapiga kelele. "Leteni vijiti, pekecheni mwingine!"

Hakuna aliyetikisika. Yule mzee wa kikosi akasema taratibu, "Huo utakuwa joto tu, mkuu."

Halafu mtu mmoja akainama, akaanza kufungua njuga za miguuni. Mwingine akafungua zake. Sauti ya shaba ikianguka mchangani ikaenea boma lote. Kabweru alikuja mbio akikanyaga pindo la joho lake, akiwashika mikono, akiwaahidi pembe, akiwaahidi wake, lakini walimpita kama wanavyokipita kisiki. Sheria ilisema kabla jua halijatua. Wao hawakungoja hata lipande vizuri. Ntobi mwenyewe alikuwa wa mwisho, na alipotoka langoni aliifuta mikono yake kwenye nguo, akaifuta tena.

Hakuna aliyemtazama Shigela. Walipita kibandani mmoja baada ya mwingine na macho yametazama mbele. Wengine aliwajua tangu utotoni, na walipita vilevile.

Lugola alipofika, kamba ya kiatu chake eti ikafunguka. Akapiga goti kuifunga, na goti lile likamkalisha mbele ya jiko.

"Ee majivu," alinong'ona akihangaika na kamba isiyokuwa na kasoro yoyote, "mimi sisemi na mtu. Sheria naijua. Nakuambia wewe tu, majivu, kwamba nikifika nitakwenda kwenye nyumba yenye paa la nundu. Kabla hawajaja na wembe nitakuwa nimefika. Mwanamke mmoja aliniuliza swali, nami nitamwambia: mtama huu. Mtama huu wa sasa ndio ulioturudisha." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Na lile paa nitalinyoosha."

Akanyanyuka, akaondoka, na Shigela alimfuata kwa macho, akimtambua kwa mwendo wake wa kizee, mpaka vumbi likamfunika.

Waimbaji wa ikulu ya Usongwa walitunga wimbo wa wale kumi waliotangulia, na mwingine wa bonde lililowala watu. Waliwataja makamanda wote, hata waliokaa msimu mmoja. Shigela hawakumtaja, wangemtajaje? Jina lake mmelisikia kwangu, kwa sababu mimi siko chini ya sheria ya Usongwa.

Boma lilibaki tupu. Mlango wa magogo ulikuwa wazi, na kuku mmoja aliyesahauliwa alikuwa akichakura penye jiko la askari. Shigela aliketi palepale alipokuwa ameketi siku zote. Baridi ya asubuhi ilimpata mgongoni na kifuani pia, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu azaliwe, maana siku zote alikuwa na moto mbele yake. Kifua kikambana, akakohoa, na sauti ikarudi kutoka milimani.

Jua lilipokuwa juu, Kagoli akaingia langoni bila kuni. Alitazama mienge iliyotupwa, akatazama njuga mchangani. Akaja mpaka kibandani, akasimama ng'ambo ya jiko, akaona majivu. Akataka kuketi palepale, kisha akakumbuka, akazunguka, akaketi kando yake, bega kwa bega. Mbali, kwenye tambarare, mstari mrefu wa watu ulikuwa ukielekea mawio, mdogo kama wa sisimizi.

Walikaa hivyo, ajuza akimtazama usoni, yeye akiutazama ule mstari, mpaka ukakaribia kupotea.

"Shigela," akasema Kagoli. "Nilikuuliza swali, na mji wangu bado nakudai. Wenzako wanakwenda wapi?"

Shigela akangoja mpaka mtu wa mwisho hakuonekana tena.

"Nyumbani, mama," akasema. "Wanakwenda nyumbani."